Mtaka cha Uvunguni

Kuinama hakutoshi. Waliosema ainame
walikuwa na kitanda, si Korola ya mwaka tisini na nne
iliyokaa chini kama kuku anayeatamia.
Hapa unalala chali, unavuta tumbo,
unapumua kwa zamu na vumbi.

Kwanza nilikuwa na jeki ya mkasi iliyokuja na gari,
na mawe. Mabatini mawe hayanunuliwi.
Nikapanga matatu, bapa, dogo, bapa,
nikayaita stendi.
Siku jiwe la kati liliposema *ta*
mguu wangu mmoja ulikuwa bado ndani.
Nilitoka. Kandambili ilibaki.
Tuliichomoa Jumatano, nyembamba kama chapati,
na Nkwimba akaitundika mlangoni, karibu na kalenda,
bila kusema neno.

Basi nikahesabu.
Jeki ya chupa, tani mbili, mtumba, inavuja kidogo: elfu thelathini na tano.
Mpira wa kuzibia: elfu mbili.
Stendi, dukani mjini, laki na ishirini,
na muuzaji anakutazama viatu kabla hajakutajia bei.
Nikashuka Igogo kwa Masalu mchomeleaji.
Akachukua ekseli ya lori lililokufa,
bomba la geti, sahani nne za chuma,
akachoma mpaka saa tisa.
Nikamuuliza, zitabeba?
Hakujibu. Akazipandishia pikapu ya mteja mwingine,
akaingia chini yake mwenyewe,
akajinyoosha, akaniomba sigara.
Elfu arobaini na tano. Sikuomba apunguze.

Kitanda cha kulalia nilikiunda kwa mlango wa kabati
na magurudumu manne ya toroli.
Kiliteleza vizuri mno. Kwetu kila kitu huteremka:
mara ya kwanza nilijikuta kwa jirani,
miguu mbele, spana mkononi, nikawasalimu.

Maana kipo kifaa kimoja ambacho hakuna duka linalokiuza:
tambarare.
Mji huu ulimwagwa, haukutandikwa.
Mtaa mzima una pahali pamoja palipolala sawa,
mgongo wa jabali mwisho wa njia,
na hapo Bi Ng'washi huanika dagaa.

Nilimwendea jioni na sukari kilo moja.
Akaniuliza, oili yako na dagaa wangu, kipi kinanuka zaidi?
Nikasema itategemea pua.
Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Jumapili, akasema,
dagaa wakishafika Mwaloni.
Gari likipona litabeba magunia yangu mara tatu.
Na likidondoka tone moja jabalini, utalilamba.
Kisha akanipa, bila kuombwa, taa ya sola ya mwanawe,
ile ya kuwadanganya dagaa usiku kwamba mwezi umeshuka majini.

Jumapili.
Handbreki. Gia ya kwanza. Kabari mbili za mkaratusi.
Jeki inapanda ikiguna, stendi zinaingia,
jeki inashuka kidole kimoja, chuma kinakaa juu ya chuma.
Naitikisa gari kwa nguvu zote nikiwa nje.
Naitikisa tena, Nkwimba anatazama.
Mara ya tatu anaitikisa yeye,
kwa bega, kama anayefungua mlango wa mdaiwa.
Haijongei. Anasema, haya.

Chini kuna mwezi wa dagaa, na mimi nimedanganyika,
nauogelea: kutu, grisi, nati iliyokataa tangu mwaka juzi.
Jabali ni baridi hata mchana.
Kumi na nne, naita.
Mkono wa Shija unaingia na kumi na mbili.
Kumi na nne.
Unatoka. Unarudi na kumi na tatu, tunakaribia.

Nati imelia, imekubali.
Oili imeshuka nyeusi ndani ya karai, uzi mmoja mrefu,
na mwishoni, upepo wa ziwa ulipopita chini ya gari,
uzi ukayumba.
Nikalalia pale haraka kwa mgongo wa shati.
Bi Ng'washi, ukija kuyasoma haya,
yale yalikuwa maji.